Vitanda vya Wenzake

Siku bweni la wasichana lilipofungwa, aliyefanya kazi kuliko wote ni Kasuku. Ndiye aliyebeba masanduku ya wenzake kutoka ghorofa ya tatu hadi getini, ndiye aliyefunga kamba mabegi yaliyokatika zipu, na ndiye aliyewachekesha waliokuwa wakilia, kwa kumuiga mkuu wa chuo akitangaza, na kile kikohozi chake cha katikati ya neno, kwamba wanachuo wote waondoke kabla jua halijazama. Jina la Kasuku alipewa mwaka wa kwanza kwa ajili hiyo. Katika chuo kile cha ualimu hapakuwa na mtu ambaye Kasuku hakuweza kumuiga: wakufunzi, matroni, mlinzi, hata mpishi akigombana na sufuria zake. Alipokuja kukumbuka kufunga sanduku lake mwenyewe, mabasi ya mbali yalikuwa yamekwisha kusimamishwa, na kwao kulikuwa mbali.

Mama yake, fundi cherehani, alimwambia kwa simu asihangaike barabarani na ugonjwa huu uliofunga vyuo vyote. Abaki hapo hapo penye ukuta na geti mpaka mambo yatulie. Matroni alikubali shingo upande, akaondoka na gari la mwisho la chuo. Wakabaki watu watatu katika eneo lote: Kasuku, mpishi wa makamo ambaye wanachuo walimwita Mama Jiko, na mlinzi wa getini, ambaye hakupenda maneno mengi, na tangu barakoa zianze kuvaliwa alikuwa ameyaacha kabisa.

Mwanzoni palikuwa na utamu wake. Mabafu yote yalikuwa yake. Alikimbia korido nzima kwa soksi, akiteleza juu ya sakafu nyekundu, akaimba ngazini ili asikie mwangwi, akala ukoko wote wa sufuria bila kugawana na mtu. Jioni alikaa jikoni wakipiga soga, akimuiga matroni mpaka Mama Jiko akajifuta machozi kwa pindo la aproni.

Lakini wiki zikaanza kufanana kama matofali. Redio ilisema jambo lile lile kwa sauti ile ile. Chuo kilituma masomo kwenye simu, naye akiyafungua, herufi zilikuwa kama siafu waliotawanywa. Akisoma mstari mmoja, akifika wa pili wa kwanza umeshatoweka. Wenzake kwenye kundi la simu walituma vichekesho, kisha picha za vyakula, kisha salamu za rambirambi, kisha hawakutuma kitu. Usiku usingizi ulimkataa. Alilala chali akisikiliza bomba la korido ya chini likidondosha tone, na jengo lile lililozoea kuvuma kama mzinga wa nyuki likanyamaza kwa namna ambayo ilikuwa na uzito, kama blanketi lililolowa.

Ndipo matroni akapiga simu kuagiza vyumba vifunguliwe mchana vipate hewa, maana magodoro yatashika ukungu. Magoti ya Mama Jiko na zile ngazi walikuwa hawaelewani, basi akamkabidhi Kasuku kitita cha funguo.

Chumba cha kwanza alichofungua kilikuwa na vitanda vinne na harufu ya sabuni ya zamani. Alipovuta pazia, vumbi likainuka, likacheza taratibu ndani ya mwanga kana kwamba lilikuwa likimngoja. Ukutani palikuwa na picha ya mtoto mchanga mwenye jino moja. Kasuku akaketi kwenye kitanda cha chini apumzike. Akasema moyoni, nijinyooshe kidogo tu. Usingizi uliomkimbia kwa majuma ukaja wenyewe, bila kubembelezwa, ukamfunika.

Akaota yumo ndani ya nyumba asiyoijua, yenye milango mingi ya bluu, amembeba mtoto mwenye jino moja kiunoni, na kila mlango alioufungua ulitoa chumba chenye jua zaidi ya kile alichotoka. Alipoamka, mwanga ulikuwa umehama ukuta, na kiuno chake bado kilihisi uzito wa mtoto. Akajiambia kwamba ile haikuwa ndoto yake. Ilikuwa ya mwenye kitanda, aliisahau alipofunga mizigo kwa haraka.

Hakuwa mjinga. Alijua fika kwamba godoro haliweki ndoto za mtu. Lakini kesho yake alifungua chumba cha pili, akatandika shuka lake mwenyewe juu ya godoro la mwenzake, akalala tena. Kwenye kitanda cha nahodha wa netiboli aliota ameruka kudaka mpira asishuke, akabaki huko juu akitazama utosi wa kila mtu. Kwenye kitanda cha yule msichana aliyekuwa akilamba ndimu na chumvi darasani, aliota mvua yenye ukakasi, na watu wamesimama nje vinywa wazi wakiinywa. Hakugusa kitu cha mtu. Aliamka, akakunja shuka, akafunga dirisha na mlango, akashuka ngazi polepole kama anayebeba maji kwenye kiganja.

Kidogo kidogo ndoto zikawa ndiyo siku, na siku ikawa korido tu ya kupitia kwenda ndoto nyingine. Mama Jiko aligonga mfuniko kwa upawa kumwita chakula, sauti ikamfikia kama ya mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Akishuka, alikula matonge mawili. Siku nyingine hakushuka. Kuoga kukawa safari, kuchana nywele kukawa safari ndefu zaidi. Mama yake akipiga simu, Kasuku alisema kwamba yu mzima, anakula, anasoma. Katika hayo matatu hakuna lililokuwa kweli, ila aliyasema kwa sauti yake ile ya zamani, ambayo alikuwa akiiiga vizuri sana. Baadaye akaona hata hiyo inamchosha, akazima simu.

Hakulia. Pengine angelia, mtu angemwona. Hakusikia uchungu wala hofu. Ilikuwa tu kama mtu amemshika na kumpunguza sauti, kama redio, mpaka hujui imezimwa au bado.

Mama Jiko alimuuliza siku moja, akimwekea bakuli mbele, kama anaumwa.

"Hapana, Mama. Nimechoka tu."

"Umechoshwa na nini, mwanangu?"

Kasuku akasogeza bakuli kando. Mama Jiko akamgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, akakuta halina joto, akashukuru. Siku zile watu walikuwa wanaogopa joto la mwili tu. Kama hakuna joto, hakuna ugonjwa.

Chumba cha mwisho kilikuwa mwisho wa korido ya juu kabisa, na Kasuku alikuwa amekiruka mara nyingi. Kilikuwa cha Mwenye Nyumba. Huyu alikuwa mwanachuo kama wao, msichana mwembamba mwenye miwani, lakini alipenda kugonga milango ya watu kuwaambia wapunguze kelele, wafute miguu, wafunge bomba, kama bweni lote karithishwa na baba yake. Na aliyegongewa mlango zaidi ya wote ni Kasuku. Waliwahi kurushiana maneno mbele ya watu, Kasuku akamuiga pale pale, miwani, kidole na yote, korido nzima ikaanguka kwa kicheko. Mwenye Nyumba aligeuka akaenda zake, na tangu hapo walikuwa wanapishana kama hawajuani.

Lakini vitanda vingine vilikuwa vimekwisha. Kasuku akafungua. Chumba kilikuwa safi kuliko vyote, blanketi limekunjwa kwa pembe nne, viatu vya ndani vimepangwa kana kwamba mwenyewe yuko bafuni. Akatandika shuka lake, akalala upande akitazama dirisha.

Akaota Mwenye Nyumba anafagia uwanja. Alifagia kwa mpangilio, mstari kwa mstari, na kila alipofika mwisho uwanja ulijikunjua mbele yake, ukawa mpana zaidi. Vumbi halikupanda, lilitiririka kama maji meupe kwenye vifundo vya miguu yake. Alipomwona Kasuku akaegemea ufagio, akaanza kusema. Midomo ilicheza, kidole kikainuka, ila sauti haikutoka. Kasuku akataka kumsaidia. Hiyo si ndiyo kazi yake? Akafungua kinywa aitoe sauti ya Mwenye Nyumba, na sauti haikuwepo. Akaitafuta kifuani, kooni, nyuma ya meno. Hakuikumbuka.

Akaamka. Akaketi pale kitandani akajaribu kumuiga Mwenye Nyumba. Ikatoka sauti isiyo ya mtu yeyote. Akajaribu mkuu wa chuo, akajaribu matroni, akajaribu hata Mama Jiko aliyekuwa hapo chini akiosha masufuria. Hakuna. Ndipo kwa mara ya kwanza tangu bweni lifungwe akaogopa, tena hofu yenyewe ilikuwa na baridi na makali, kama maji ya asubuhi. Akaiwasha simu, akampigia Mwenye Nyumba. Hakutaka ushauri wala urafiki. Alitaka tu kuisikia ile sauti ilivyo.

Simu iliita mara moja ikapokelewa. Upande wa pili ilisikika pumzi tu.

"Ni mimi," Kasuku alisema.

"Najua. Jina lako limetokea."

Sauti ilikuwa kavu, nzito kidogo kuliko alivyodhani. Kasuku akafumba macho aisikilize inavyoisha. Alipoulizwa anataka nini, uongo haukumjia upesi, akasema ukweli.

"Niko kitandani kwako."

Akangoja mvua ya maneno. Haikunyesha. Yule msichana akauliza, "Dirisha umefungua?"

"Nimefungua."

"Unaona nini?"

Kasuku akajiinua kwa kiwiko, akamwambia. Tangi la maji lenye kutu upande mmoja. Kamba za kuanikia, hazina nguo. Paa la jiko, na paka amejilaza kwenye kivuli cha bomba la moshi. Nyuma ya ukuta, barabara nyeupe, haina gari wala mtu, na jani moja kubwa linajivuta katikati yake kama lina pa kwenda. Kila aliposita, yule wa ng'ambo alisema, "Endelea." Na alipomaliza yote ya kuonekana akasikia kwamba Mwenye Nyumba analia, kwa utaratibu, bila kelele, kama anaogopa kuwasumbua majirani.

Alikuwa kwa shangazi yake, alieleza, katika nyumba yenye watu wengi kuliko viti, na hapo alipo amejifungia bafuni kwa sababu ndipo pekee penye komeo. Hakuwa amelala sawasawa tangu afike. Akifumba macho kifua kinabana, moyo unapiga kama mtu anayegonga mlango, anahisi akiacha kujikumbusha kupumua atasahau. Alikuwa na hakika ameupata ugonjwa. Alipimwa akaambiwa hana, na kifua hakikusikia habari hiyo, kikaendelea kubana. Shangazi alisema hilo ni deko la wasomi, akampa kazi za kufanya.

"Mimi nalala tu," Kasuku alisema. "Nalala mchana kutwa, kwenye vitanda vya watu."

"Kumbe ni wewe uliyechukua usingizi wangu."

Haikujulikana nani alianza. Walicheka kicheko chenye kutu, cha watu waliokwisha kukisahau, mpaka mtu akagonga mlango wa bafu upande ule, na simu ikakatwa.

Tangu siku ile, kila baada ya chakula cha mchana, Kasuku alipanda ghorofani akapiga simu. Mwenye Nyumba aliketi bafuni au nyuma ya mabanda ya shangazi, simu sikioni, na Kasuku akafungua chumba kimoja kimoja akimsimulia kilichomo: pazia limepauka sehemu ipi, nani kabandika nini ukutani, mwanga umefika wapi sakafuni. Aliongea polepole, karibu kama anaimba. Mara nyingine pumzi za upande wa pili zilirefuka, zikawa nzito, naye akajua mwenzake amesinzia amejiegemeza ukutani. Hapo hakukata simu. Aliketi tu akizisikiliza, na kwa kuwa alikuwa na mtu wa kumlinda, yeye hakulala.

Haikuwa dawa. Kulikuwa na siku Kasuku alipanda ngazi akakaa katikati, hana nguvu za kufika juu wala kurudi chini. Na kulikuwa na siku Mwenye Nyumba alizungumza haraka haraka, maneno yakikanyagana, akisema kwamba barabara ile nyeupe anaiona hata akiwa macho, inapita mbele ya nyumba ya shangazi, na kwamba mtu akiifuata bila kusimama atatokea bwenini. Kasuku alidhani ni mchezo wao wa ndoto. Akacheka kidogo, akamwambia aje.

Kesho yake simu haikupokelewa. Akapiga tena, na tena, kisha ikawa haipatikani. Kasuku alisimama katikati ya korido yenye jua, simu mkononi, na maneno ya jana yakamrudia moja moja, sasa bila uzuri wowote. Alishuka zile ngazi kwa kasi ambayo miguu yake ilikuwa imeisahau. Mama Jiko alikuwa akichambua mchele. Kasuku akamweleza yote akihema, vitanda, ndoto, bafu, barabara, hakuficha kitu. Mama Jiko hakuuliza kuhusu vitanda. Aliweka sinia chini, akasema kwamba namba za ndugu wa wanachuo wote anazo matroni, apigiwe sasa hivi.

Matroni alisikiliza, akauliza mawili matatu, akakata ili ampigie shangazi. Wakangoja jikoni. Nje jua lilikuwa limesimama tu, na paka alikuwa juu ya paa akijilamba. Simu ilipoita, Mama Jiko ndiye aliyebonyeza.

Alikuwa amepatikana. Alikuwa ametoka asubuhi na mapema na begi lake, akatembea mpaka kituo cha mabasi kilichofungwa, akaketi kwenye benchi juani, peke yake katika uwanja ule mpana mtupu, akingoja basi. Mama mmoja anayekaa jirani alimwona kupitia dirisha tangu saa za asubuhi, akaja akamvuta kivulini akampa maji. Alikuwa amechoka, midomo imemkauka, ila hakuwa ameumia popote. Shangazi alikuwa njiani kumchukua, akilia, na matroni alimwambia wazi kwamba asimpeleke nyumbani, ampeleke kwanza zahanati akaonwe, kwa sababu huu ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine.

"Umefanya vizuri kunipigia," matroni alisema. "Sasa pumzika, mwanangu. Usiwe na wasiwasi."

Kasuku alikuwa ameshafungua kinywa aseme asante. Sauti ya zamani ilikuwa tayari, ile ya uchangamfu, ilimradi aitoe tu na mambo yaishe. Akaiacha.

"Na mimi, Matroni," alisema. "Na mimi siko sawa."

Kisha machozi yakaja, mengi, ya majuma yote yale, na Mama Jiko akamshika kichwa akakiegemeza kwenye aproni yenye harufu ya moshi. Alikuwa amesahau kwamba watu hawaruhusiwi kugusana, na kama alikumbuka hakujali.

Kuanzia jioni ile Kasuku alihamishiwa chumba kidogo kando ya jiko, kitanda kimoja, dirisha moja. Mshauri nasaha wa chuo, ambaye naye alikuwa amekwama kwao, akawa anampigia simu kila wiki. Kwanza Kasuku hakuwa na la kumwambia, wakawa wanasikilizana kimya. Baadaye maneno yakapatikana. Alipewa kazi ndogo za kufanya asubuhi, kuwa nje kwenye jua, kumwagilia mboga, kumsaidia Mama Jiko kuwasha moto. Zilimuudhi. Alizifanya hivyo hivyo. Ndoto zilipungua, na zilizobaki zilikuwa za kawaida, za viatu vilivyopotea na mitihani, na kuna mchana alizililia zile nyingine, maana zilikuwa nzuri kweli.

Mwenye Nyumba aliandikiwa dawa, akaambiwa arudi kliniki kila mwezi. Shangazi yake alihamisha magunia kutoka stoo, akamwekea humo kitanda, na komeo. Waliendelea kusemezana kwa simu, si kila siku. Mara nyingine walinuniana, hasa Kasuku alipochelewa kupokea.

Mabasi yaliporuhusiwa tena, abiria nusu, viti vimeachiana nafasi, Kasuku alipata ruhusa kwenda kumwona mama yake kabla chuo hakijafunguliwa. Njia ilipita mji wa shangazi yake Mwenye Nyumba. Basi lilisimama kituo cha mafuta kilicho nje ya mji, dereva akatangaza kwamba atakayechelewa ataachwa, na Kasuku alipoteremka akamwona amesimama kando ya pampu, kama walivyopatana kwa simu, begi la mkononi kifuani, miwani imeingia ukungu juu ya barakoa.

Wote wawili hawakujua la kufanya. Walikuwa wamesikilizana pumzi kwa miezi, na hawajawahi kusimama karibu namna ile bila kugombana.

"Umenenepa," Mwenye Nyumba alisema hatimaye.

"Nalishwa na Mama Jiko. Wewe umekonda."

"Dawa zinanikatia hamu. Watanibadilishia." Akafuta miwani kwa ncha ya blauzi. "Bado kuna siku mbaya."

"Zangu pia."

"Leo je?"

Kasuku akafikiri, maana lilikuwa swali la kweli na alitaka kulijibu hivyo. "Leo asubuhi ilikuwa mbaya. Sasa hivi, hapana."

Wakaenda kusimama kwenye kivuli cha ukuta. Mwenye Nyumba akatoa machungwa mawili aliyoyamenya nyumbani, wakala kila mmoja ameshusha barakoa na kugeukia upande wake, kama walivyoagizwa, juisi ikiwatiririka viganjani. Walizungumzia masomo yaliyowapita na kama watarudia mwaka. Mwenye Nyumba alisema huenda asirudi muhula ule, na Kasuku hakumsihi. Upepo ulikuwa unasukuma mfuko wa nailoni uwanjani, na upande wa pili wa barabara mwanamke alikuwa akifungua duka lake, ubao mmoja baada ya mwingine.

Dereva alipiga honi mara kadhaa ndipo wakaachana. Kasuku alirudi kwenye kiti chake, mikono inanata. Kiti cha pembeni kilikuwa wazi kwa amri, akaweka mkoba hapo. Basi lilipoacha mji na mashamba yakaanza kupita, alifungua dirisha, akampigia mama yake kumwambia alipofika. Mama akamuuliza hali. Kasuku akasikia cherehani kule nyuma ikinguruma, akamwomba aisimamishe kidogo, kwa sababu lilikuwa jibu refu.